Kuku Wanaumwa, Munganga Yuko Mbali: Telefone Inaweza Kutusaidia Nini?

Katika vijiji vyetu vingi kuku ndiye benki ya mama. Mbuzi ni wa baba, shamba ni la ukoo, lakini kuku anayezunguka nyuma ya jiko, mama anaweza kumuuza bila kuitisha mkutano. Jogoo mmoja anageuka kaye na biki mwanzoni mwa mwaka wa masomo. Mitetea wawili wanageuka dawa ya malaria. Plato ya mayai inaingia katika likelemba, na minervali ya mtoto wa sekondari inatoka humo.

Benki hiyo ina hatari moja kubwa: inaweza kufilisika kwa juma moja. Leo kuku wawili wamejikunja pembeni. Kesho saba. Siku ya tano kibanda kiko wazi na watoto wanauliza kulikoni. Mama aliyepoteza kuku thelathini hakupoteza mboga tu. Amepoteza minervali, amepoteza zamu yake ya likelemba, na amepoteza neno lake mbele ya wenzake.

Munganga wa mifugo, yaani veterineri, yuko wapi wakati huo? Inchi yetu inafundisha waganga hao, kwa mfano kwenye Chuo Kikuu cha Lubumbashi na kwenye Chuo Kikuu Katoliki cha Graben kule Butembo. Lakini wengi wao wanafanya kazi mjini, na kati yao ni wachache waliozama katika magonjwa ya ndege peke yake. Kutoka Bukavu mpaka Lubumbashi ni kiasi cha kilometa elfu moja kwa njia ya anga. Mama wa Shabunda, wa kisiwa cha Idjwi au wa milima ya Minembwe hawezi kubeba kuku mgonjwa mpaka huko. Hata munganga wa mji wa karibu, nauli ya moto ya kwenda kumleta inaweza kupita bei ya kuku wote. Na mvua au vita vikikata barabara, hata mwenye pesa anakaa.

Ndiyo sababu vikundi vingi vimeanza kutumia kitu kilichoko tayari kijijini: telefone. Picha, sauti na maneno vinafika mahali ambapo moto haifiki. Makala hii inaeleza kazi hiyo inavyofanyika vizuri, mahali inapokwama, na kwa nini telefone bila kikundi haiokoi kuku.

Munganga anaona kwa macho ya mama

Munganga akifika kibandani anatazama, anasikiliza, ananusa, anagusa, na akikuta kuku aliyekufa anampasua. Kwa telefone anabaki na macho na masikio tu, na hayo macho ni ya mama. Kwa hiyo ujumbe kama "Dokta, kuku wangu wanakufa, nipe dawa" haumsaidii. Magonjwa mengi ya kuku yanaanza namna moja: kuku anajikunja, anaacha kula, manyoya yanasimama. Tofauti iko katika mambo madogo, na mambo hayo mama anayajua kuliko mtu yeyote.

Kabla ya kuita munganga, tuandike katika kaye majibu ya maswali haya:

Una kuku wangapi, na wana umri gani? Wanaokufa ni vifaranga, ni wakubwa, au wote? Ugonjwa ulianza siku gani, na kila siku wamekufa wangapi? Juma hili na lililopita uliingiza kuku mpya, au jogoo aliyerudi kutoka sokoni bila kuuzwa? Ulibadilisha chakula? Wanakunywa maji ya wapi, na wanakunywa zaidi au kidogo kuliko kawaida? Walipata chanjo gani, na lini? Umekwisha kuwapa dawa gani? Kuku wa jirani wako namna gani? Una bata?

Swali la bata si la bure. Bata anaweza kubeba virusi vya ugonjwa wa Newcastle bila kuonyesha alama yoyote, naye anatembea kati ya kuku kama mgeni mwenye afya. Swali la chakula pia si la bure. Mama akichanganya chakula mwenyewe kwa pumba na ndagala zilizotiwa chumvi nyingi, vifaranga wanaweza kufa kwa chumvi, wakiwa na kiu kali, na hakuna dawa ya farmasi itakayowaponya mpaka chakula kibadilishwe.

Picha zinazosema kitu

Picha iliyopigwa usiku ndani ya kibanda inaonyesha giza tu, na mega zimekwenda bure. Tupige picha nje, asubuhi au alasiri, jua likiwa nyuma ya mpiga picha. Hizi zinatosha:

Ya kwanza, kibanda chote na kuku wote kwa mbali, ili munganga aone nafasi, malalo na vyombo vya maji. Ya pili, uso wa kuku mgonjwa karibu sana: macho, kilemba, pua. Ya tatu, mavi mabichi juu ya jani la mgomba au karatasi nyeupe, maana rangi ni habari kubwa. Ya nne, miguu na mabawa. Ya tano, kopo au pakiti ya dawa uliyotumia, mbele na nyuma, mpaka tarehe ya mwisho isomeke.

Pamoja na picha, video ya nusu dakika ya kuku akitembea inafaa sana. Kuku anayenyoosha mguu mmoja mbele na mwingine nyuma anasema jambo lake, na anayepinda shingo mpaka kichwa kinaangalia juu anasema lingine. Usiku, kibanda kikiwa kimya, rekodi sauti ya kupumua: kukoroma na kupiga chafya kunasikika vizuri wakati huo.

Kwa wafugaji wa vifaranga kuna kipimo kisichohitaji mashine. Kifaranga wa juma la kwanza anahitaji joto la digrii 32 mpaka 35, kisha linapunguzwa kiasi cha digrii 3 kila juma. Wengi wetu hatuna kipima-joto. Lakini picha iliyopigwa kutoka juu inatosha: vifaranga wakirundikana juu ya mbabula wana baridi, wakikimbilia pembeni na kufungua midomo wana joto la kupita kiasi, wakisambaa sawasawa wako vizuri. Munganga aliyeko mbali ataona hivyo mara moja.

Ambaye rezo yake ni dhaifu, atume sauti na picha mbili tu, aende mahali pa juu penye rezo mara moja kwa siku, na akubaliane na munganga juu ya saa ya jibu. Ambaye hana telefone yenye picha, maneno yaliyoandikwa vizuri katika kaye yanaweza kusomwa kwa telefone ndogo ya vibonye. Kaye nzuri inashinda picha mbaya.

Tuchukue mfano

Tuseme mama ana mitetea kumi na vifaranga ishirini na watano wa majuma manne. Vifaranga sita wamekufa kwa siku tatu. Jirani amemwambia ni ule ugonjwa unaofagia kijiji, auze mitetea haraka kabla hawajafa. Anaita munganga.

"Dokta, jambo. Vifaranga wananiisha."

"Jambo mama. Pole. Na mitetea wanaendeleaje?"

"Mitetea wako wazima, wanakula, wanataga."

"Mavi ya vifaranga ni ya rangi gani?"

"Yana damu, dokta. Nimekutumia picha."

"Nimeiona. Malalo yao ni makavu?"

"Mvua ilipita juu ya kibanda juma lililopita. Chini ni maji maji."

"Umewapa dawa?"

"Nilinunua tetrasiklini sokoni, nikawapa siku mbili. Hakuna kitu."

Tayari munganga ana njia. Wakubwa ni wazima, wanaokufa ni vifaranga wa majuma matatu mpaka sita, mavi yana damu, malalo yameloa. Hayo yote yanaelekea koksidiosi, ugonjwa wa vijidudu vinavyokaa tumboni na kukomaa penye unyevu. Tetrasiklini siyo dawa yake. Munganga atamwelekeza kwenye dawa yenye amproliamu, inayotiwa katika maji ya kunywa kwa siku zilizoandikwa kwenye pakiti. Atamwambia aondoe malalo yote yaliyoloa, aweke makavu, ainue vyombo vya maji ili vifaranga wasivichafue, aziba tundu la paa. Na atamwambia jambo lililo kubwa kuliko dawa: usiuze mitetea, hawaumwi.

Ona kilichookolewa hapo. Kama mama angemsikia jirani, angeuza mitetea kumi kwa bei ya hasara, na vifaranga wangeendelea kufa.

Mahali telefone inapokwama

Sasa tubadilishe majibu. Wakubwa na wadogo wote wanaumwa. Mavi ni ya kijani. Wanapumua kwa shida, mabawa yanashuka, wengine wanapinda shingo, mayai yamekatika. Kuku hawajapata chanjo, na soko la sikukuu lilipita juma lililopita. Munganga atafikiri kwanza Newcastle, ule ambao Waswahili wa mashariki wanauita kideri au mdondo. Katika kundi lisilo na chanjo unaweza kuua karibu wote.

Hapa ukweli ni mchungu, na munganga mwaminifu atausema: Newcastle haina dawa. Inaletwa na virusi, na antibiotiki haiui virusi. Pesa ya antibiotiki hapo inatupwa majini. Kinachobaki ni kulinda wengine: kutenga kuku wazima ambao hawajachangamana na wagonjwa, kufungia wote wasitembee, kuzika waliokufa ndani ya shimo refu lenye chokaa au majivu, kuosha viatu na mikono, na kutopeleka hata kuku mmoja sokoni.

Tuseme wazi juu ya soko, maana ndipo kishawishi kilipo. Mama akiona ugonjwa umeingia, moyo unamwambia auze upesi, apate hata nusu ya bei. Lakini kuku huyo ananunuliwa na mama mwingine, mwenye watoto na minervali kama yeye. Ugonjwa unapanda moto pamoja naye na kushuka katika kijiji cha pili. Kikundi kinachosema "sisi ni dada" hakiwezi kuuziana kifo cha kuku.

Kuna sababu nyingine ya kuwa waangalifu. Alama za Newcastle na za homa ya ndege zinafanana, na hakuna munganga anayeweza kuzitofautisha kwa picha. Laboratwari peke yake ndiyo inayoweza. Homa ya ndege si hadithi ya inchi za mbali: mwaka 2017 aina ya H5N8 ilithibitishwa hapa kwetu, katika jimbo la Ituri, upande wa Ziwa Albert, kwa bata na kuku. Aina nyingine za homa hiyo zinaweza kuambukiza watu. Kwa hiyo, ndege wengi wakifa kwa ghafula, tusiwapasue wenyewe, tusiwanyonyoe, tusiwape watoto kuchezea, tusiwale. Tuite ofisi ya kilimo, uvuvi na ufugaji ya teritwari siku hiyohiyo. Munganga wa telefone naye atasema hivyo. Akisema "hakuna shida, pikeni", mtafute mwingine.

Kama munganga anataka kuku aliyekufa apelekwe laboratwari, atueleze mwenyewe namna ya kumfunga. Kwa kawaida kuku anawekwa ndani ya mifuko miwili ya plastiki, kwenye baridi ya barafu bila kumgandisha, na anapaswa kufika haraka, ndani ya siku moja ikiwezekana. Aliyeoza haonyeshi kitu.

Munganga wa kweli na muuza dawa

Kwenye telefone kila mtu anaweza kujiita dokta. Tuna njia rahisi ya kupima. Munganga wa kweli anauliza maswali mengi kabla ya kutaja dawa. Anakuambia dawa inaitwaje na inafanya nini. Anakuambia siku za kungoja kabla ya kula nyama na mayai ya kuku aliyetibiwa, maana dawa inabaki mwilini na inaingia katika sahani ya mtoto. Anaweza kusema "sijui, inahitaji laboratwari". Na haoni haya ukiuliza jina lake kwenye ofisi ya ufugaji ya teritwari.

Mwingine anataja dawa kabla hujamaliza kueleza, na dawa hiyo anaiuza yeye mwenyewe, na pesa zitumwe kwanza. Huyo ni muuza dawa.

Hilo la antibiotiki tulichukue kwa uzito. Kutoa antibiotiki kila mara kuku anapojikunja kunafundisha vijidudu kuishi pamoja na dawa. Siku vitakapoingia kwa mtu, dawa za hospitali zinaweza kushindwa. Matumizi mabaya katika kibanda yanaweza kumfikia mgonjwa kitandani.

Telefone haichanji kuku

Ushauri bora wa munganga aliyeko mbali ni ule anaotoa kabla ya ugonjwa, na mara nyingi ni neno moja: chanja. Hapo mama peke yake anakwama. Chupa ya chanjo ya Newcastle haiuzwi kwa kuku nane. Kuna za dozi 100, za 500, za 1000. Ikisha kufunguliwa na kuchanganywa haiwekwi kwa mwezi ujao. Na chanjo nyingi, kama LaSota, zinataka baridi ya digrii 2 mpaka 8 kutoka farmasi mpaka kibandani.

Lakini wamama kumi na wawili wenye kuku wanane kila mmoja wana kuku 96. Hiyo ni chupa moja ya dozi 100. Nauli ya kuileta inagawanywa kwa kumi na wawili. Termosi moja yenye barafu inatosha. Hesabu hii ndiyo sababu ya kuwa na kikundi.

Ziko pia chanjo zinazovumilia joto zaidi. I-2, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Queensland huko Australia kwa ajili ya wafugaji wa vijijini, inatengenezwa pia Tanzania. Inatolewa tone moja ndani ya jicho la kuku, na inarudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Kuvumilia joto si kusema iachwe juani: nayo ibebwe katika baridi, lakini haiharibiki upesi njiani. Tumwulize munganga ni chanjo gani inayopatikana upande wetu kwa njia halali.

Wanaotoa chanjo katika maji wakumbuke: maji yasiwe na javeli, maana javeli inaua chanjo. Maji ya chemchemi au ya mvua safi ni mazuri, na gramu 2.5 za maziwa ya unga yasiyo na mafuta kwa kila litre zinalinda chanjo. Kuku wanyimwe maji kwa muda mfupi, saa moja au mbili, kisha wanywe yote ndani ya saa mbili. Tuchanje kuku wazima tu. Kinga inachukua kiasi cha majuma mawili kujengeka, kwa hiyo siku ya kuchanja ni kabla ya kiangazi na kabla ya masoko ya sikukuu, wakati kuku wanapotembezwa sana.

Nani ashike telefone?

Jambo la mwisho wengi wanalijua lakini hawalisemi. Katika nyumba nyingi telefone yenye picha ni ya baba, na baba yuko kwenye machimbo au mjini. Kuku wanaumwa mchana, telefone inarudi usiku, au mwisho wa mwezi.

Kwa hiyo tunapendekeza kila kikundi kichague mama mmoja au binti aliyemaliza shule kuwa macho ya munganga. Awe na telefone ya kikundi, kaye ya kuku, mega zinazolipwa na kasha la Muso, na namba za waganga wawili, si mmoja. Mama yeyote akiona kuku wawili wagonjwa siku moja, amwite huyo kwanza. Yeye ataenda na kaye, atauliza maswali, atapiga picha, atatuma, atangoja jibu na kulisoma mbele ya mwenye kuku, neno kwa neno. Akitoka kibanda chenye ugonjwa aoshe mikono na viatu kabla ya kuingia kingine, la sivyo yeye ndiye atakayebeba ugonjwa nyumba kwa nyumba.

Munganga naye alipwe. Akijibu wamama thelathini kila juma kwa bure, mwezi wa tatu hatajibu tena. Tukubaliane naye mapema kiasi cha kikundi kwa mwezi, tukitume kwa telefone kwa tarehe yake, kama tunavyolipa zamu ya likelemba.

Katika mkutano wa juma hili, kila kikundi kifanye mambo matatu. Kihesabu kuku na bata wa wanachama wote, mmoja mmoja. Kichague atakayeshika kaye na telefone. Kiandike tarehe ya chanjo, na jina la mama atakayeleta termosi. Mambo hayo yanaisha kwa saa moja, na hayangoji barabara itengenezwe.